Kifaa Kinatekenya, Breka Inakata: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu za Usalama kwenye Vifaa vya Kielektroniki

Malalamiko yanayofika kwenye benchi la fundi ni yale yale. Kifaa kinatekenya ukikigusa. Breka inakata. Fyuzi imeungua, imewekwa nyingine, nayo imeungua. Kipimo cha usalama kilipita mwaka jana, mwaka huu kimekataa. Na kila lalamiko lina dawa yake ya kienyeji: kata pini ya ethi (waya wa usalama unaoshusha umeme ardhini), weka fyuzi kubwa zaidi, hamia soketi isiyo na breka. Dawa hizo zote zina kazi moja, kukinyamazisha kifaa. Hitilafu inabaki pale pale, ila sasa haina wa kuitangaza.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, nikamalizia na kile cha nadra. Tarakimu zote ni za umeme wa volti 230, hezi 50.

Kabla ya kushika bisibisi

Chomoa plagi. Usiamini swichi. Swichi nyingi hukata waya mmoja tu, na kwenye vifaa vya kisasa kile kitufe cha mbele hakikati chochote, kinaiambia tu sakiti ilale.

Ukishachomoa, bado. Ndani ya pawa saplai ya kisasa umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa takriban volti 325 na kuwekwa kwenye kapasita kubwa, kijisehemu kinachotunza chaji, na kapasita hiyo haijui kwamba umechomoa. Subiri dakika 5 au zaidi, kisha pima volti kwenye miguu yake. Ikiwa bado ina chaji, itoe taratibu kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 5, halafu upime tena. Mtindo wa kuipiga shoti kwa bisibisi unaharibu kapasita na bisibisi, na cheche zake hazichagui pa kurukia.

Osiloskopu (kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) ya zamani yenye tyubu ya kioo ina maelfu ya volti nyuma ya tyubu. Kama hujafundishwa kuifanyia kazi, ifunge na uiache.

Kazi ya kawaida ya ukaguzi huenda kwa mpangilio huu: macho, ethi, hami (kinga inayozuia umeme usivuke hadi kwenye ganda), mkondo unaovuja, mwisho utendaji wa kifaa chenyewe. Macho yamewekwa mwanzo kwa sababu kasoro nyingi huishia hapo: kebo iliyobanwa na mguu wa meza, plagi iliyopasuka, waya wa kahawia unaochungulia pale kebo inapoingia kwenye plagi, tundu la hewa lililozibwa na vumbi. Mpangilio wenyewe si mapambo. Ethi ikikataa, simama, kwa sababu vipimo vinavyofuata vinaitegemea.

Dalili: ganda la chuma linatekenya

Ukipitisha mgongo wa vidole juu ya ganda unahisi kama linakwaruza. Mmoja anahisi, mwenzake hahisi, na ubishi huanzia hapo.

Chanzo cha kwanza, tena kwa mbali, ni ethi iliyokatika njiani. Na mara nyingi haijakatika kwenye kifaa. Imekatika kwenye ekstensheni, kwenye plagi, au nyuma ya soketi. Kwa nini hilo lilete mtekenyo wakati kifaa ni kizima? Mahali umeme unapoingia pana kichujio cha kelele, na ndani yake kuna kapasita mbili ndogo: moja kutoka waya wa moto hadi kwenye ganda, nyingine kutoka nyutro hadi kwenye ganda. Ethi ikiwa nzima, mkondo mdogo unaopita humo hushuka ardhini bila mtu kujua. Ethi ikikatika, ganda linaning'inia katikati ya waya wa moto na nyutro, yaani karibu volti 115. Kwa kapasita za nanofaradi 4.7, kidole kitakachogusa kitapata takriban miliampea 0.34. Mtu huanza kuhisi mkondo kwenye miliampea 0.5 hivi, kutegemea ngozi na mahali alipogusa, kwa hiyo wabishi wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Sasa chomeka vifaa 6 vya aina hiyo kwenye ekstensheni moja ambayo ethi yake imekatika karibu na plagi. Maganda yote yameungana kupitia ule waya wa ethi uliobaki, na mikondo inajumlishwa: miliampea 2. Hapo hakuna anayebisha tena. Lakini mtekenyo si ndio wa kuogopa sana. Hatari ni kwamba siku waya wa moto utakapogusa ganda kwelikweli, hakutakuwa na njia ya kuunguza fyuzi, na ganda litakaa na volti 230 likisubiri mtu.

Hatua za kupima, kuanzia nyepesi:

1. Hamishia kifaa kwenye soketi nyingine, bila ekstensheni. Mtekenyo ukiisha, umempata mhalifu. Ekstensheni hiyo itoe kazini leo, usiirudishe kabatini.
2. Weka mita kwenye volti za mkondo geu. Probe moja kwenye chuma kitupu cha ganda, nyingine kwenye ethi unayoiamini. Karibu sifuri: ethi ni nzima. Kati ya volti 80 na 120: ethi imekatika na unachokisoma ni kapasita za kichujio. Ukisoma karibu volti 230, chomoa plagi na usiendelee. Waya wa moto umegusa ganda au kapasita moja imepiga shoti.
3. Kifaa kikiwa kimechomolewa, pima ukinzani kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kwenye chuma kitupu, huku ukiikunja kebo kunjakunja, hasa karibu na ncha zake. Tarakimu ikirukaruka, badilisha kebo.

Chanzo cha pili ni skrubu ya ethi ndani ya ganda: imelegea, imeshika kutu, au mtu alipaka rangi kisha akaifunga juu ya rangi. Kwangua hadi chuma, weka washa yenye meno, kaza.

Chanzo cha tatu si hitilafu. Adapta zisizo na pini ya ethi, zile zenye alama ya mraba ndani ya mraba, huwa na kapasita ndogo kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti ndogo. Mtekenyo hafifu kutoka huko unaweza kuwa wa kawaida, mradi mkondo wa kugusa haupiti miliampea 0.25. Lakini adapta ambayo haikuwa ikitekenya na leo inatekenya, si ya kawaida hata kidogo. Itupe.

Kifaa kinachoungwa na mwili wa mgonjwa hakimo kwenye mwongozo huu. Huko mipaka inahesabiwa kwa mikroampea. Sehemu inayogusa moyo moja kwa moja inaruhusiwa mikroampea 10 tu katika hali ya kawaida. Ukihisi chochote, kitoe kwenye huduma, kibandike alama, na umwite fundi wa vifaa tiba.

Dalili: breka ya uvujaji inakata

Hakikisha kwanza ni breka gani. Ile yenye kitufe cha kujipima, aghalabu chenye herufi T, hukata mkondo unaotoka usipolingana na unaorudi. Ile ya kawaida hukata mkondo ukizidi. Kama iliyokata ni ya kawaida, ruka uende kwenye fyuzi.

Breka ya uvujaji haisemi kosa liko wapi, ila inasema lilitokea lini, na hiyo peke yake ni nusu ya kazi.

Inakata ovyo, vifaa vingi vikiwa vimewaka. Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na mara nyingi hakuna kifaa kibovu. Breka ya miliampea 30 lazima ikate ikifika 30, lakini inaruhusiwa kukata popote juu ya 15. Kumbuka zile kapasita za kichujio. Kifaa kimoja chenye ethi kinaweza kuvujisha hadi miliampea 3.5 na bado kikawa ndani ya mpaka wa kawaida. Vifaa 6 vyenye miliampea 2.5 kila kimoja vinakufikisha 15, na mshtuko mdogo wa kuwasha cha saba unamaliza kazi. Tiba ni kugawa vifaa kwenye laini tofauti, kila moja na breka yake. Kubadilisha breka kuwa ya miliampea 100 si tiba. Hiyo huzuia moto, haimlindi mtu.

Inakata mara tu unapochomeka, swichi ikiwa imezimwa. Kosa liko kabla ya swichi: kebo, tundu la kuingizia umeme, kichujio. Au nyutro imegusa ethi, kosa linalosahaulika kwa sababu halina cheche wala joto. Badilisha kebo kwanza. Ni dakika moja.

Inakata unapowasha. Kosa liko baada ya swichi. Pima hami, kama ilivyoelezwa hapa chini.

Inakata baada ya dakika kadhaa, au asubuhi tu. Fikiria unyevu na joto. Vifaa vyenye hita, kama oveni za maabara, inkubeta na sahani za kupashia, vina elementi zilizojazwa unga wa madini unaofyonza unyevu vikikaa miezi bila kutumika. Nimeona hita nzuri zikitupwa kwa sababu hiyo tu. Pima hami ya elementi kwa mega (mita ya kupimia hami), itoe, ikaushe kwenye oveni nyingine kwenye nyuzi 100 hadi 120 kwa saa kadhaa, pima tena. Ikipanda kutoka sehemu ya megaomu hadi makumi ya megaomu, tatizo lilikuwa unyevu. Isipopanda, nunua mpya. Kifaa kilichotoka kwenye baridi kikaingizwa chumba cha joto nacho hutokwa jasho ndani. Kiache saa kadhaa kabla ya kukichomeka.

Dalili: kipimo cha ethi kimekataa

Kabla ya kukilaumu kifaa, lilaumu klipu lako. Umelishika kwenye rangi, au kwenye skrubu ya urembo isiyoungana na chasisi. Hapo ndipo huanzia nusu ya "kukataa" kote ninakoletewa.

Mpaka unaotumika sana ni omu 0.1 kwa kifaa, ukiongeza ukinzani wa kebo. Kebo ya mita 2 yenye nyaya za milimita mraba 0.75 ina karibu omu 0.05 kwenye waya wake wa ethi, kwa hiyo kusoma 0.14 kupitia kebo hiyo si kosa. Kebo ndefu huangusha vifaa vizima kwenye karatasi.

Maltimita ya kawaida haitoshi hapa kwa sababu mbili. Probe zake zenyewe zina omu 0.2 au zaidi, na mkondo wake ni mdogo mno: waya wa ethi uliobakiwa na uzi mmoja tu utaonekana mzima. Kipima usalama hupitisha angalau miliampea 200, na vingine ampea 10 hadi 25, na huo mkubwa ndio unaofichua uzi mmoja. Usiusukume kwenye ganda la soketi ya ishara wala kwenye skrini (ngao ya chuma inayozunguka nyaya) ya kebo ya data. Hizo hazikutengenezwa kubeba ampea 25 na utaunguza njia nyembamba kwenye bodi.

Baada ya hapo: plagi, tundu la kuingizia, skrubu ya ndani, kwa mpangilio huo.

Na kuna kosa lisilotokana na uchakavu. Mtu amekata pini ya ethi ya osiloskopu kwa makusudi, kwa sababu klipu lake la chini lilikuwa likitoa cheche alipolishika kwenye sakiti ya umeme mkubwa. Klipu hilo limeungwa na ethi kwa usanifu. Ukiikata ethi, ganda zima la osiloskopu, pamoja na vifundo na soketi zake zote, linachukua volti za pale ulipobana klipu. Dawa halali ni probe ya tofauti (inayosoma volti kati ya nukta mbili bila kuigusa ethi), au transfoma ya kutenga upande wa kifaa kinachopimwa, si upande wa osiloskopu. Ukikuta pini iliyokatwa, rudisha plagi nzima, kisha umtafute aliyekata mzungumze.

Dalili: kipimo cha hami kiko chini

Hami hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu: waya wa moto na nyutro vimeunganishwa pamoja upande mmoja, ethi upande wa pili. Usipeleke volti 500 kati ya waya wa moto na nyutro, na usiguse kabisa soketi za ishara. Mipaka ya kawaida ni megaomu 1 kwa kifaa chenye ethi na megaomu 2 kwa kile cha mraba ndani ya mraba.

Kikikataa, anza na kizuizi cha mawimbi ya radi. Baadhi ya ekstensheni na vifaa vina varista kutoka waya wa moto hadi ethi, na kazi yake ni kupitisha umeme volti zikipanda. Ukiipelekea 500 itafanya ilichoajiriwa kufanya. Pima kwa volti 250, au uitenge. Kisha unyevu. Kisha uchafu: kimiminika kilichomwagika na kukauka juu ya bodi, vumbi lenye mafuta kwenye transfoma. Safisha kwa isopropanoli, acha ikauke kabisa, pima upya. Mwisho kabisa ni hami ya transfoma yenyewe au ya kichujio iliyokufa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipuri halisi.

Kuna mtego wa upande wa pili, yaani kipimo kizuri mno. Kifaa chenye kitufe laini cha mbele, au chenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), hakifungi njia kikiwa kimechomolewa, kwa hiyo volti 500 zako zinaishia mlangoni na mega inakuonyesha mamia ya megaomu za hewa tupu. Kifaa cha namna hiyo lazima kipimwe mkondo unaovuja kikiwa kinafanya kazi.

Andika tarakimu, usiandike "kimepita". Kifaa kilichokuwa megaomu 200 mwaka jana na leo ni 3 kimepita, na kinakuja kuharibika.

Dalili: fyuzi inaungua, inawekwa, inaungua

Itazame fyuzi ya zamani kabla ya kuitupa. Kioo kisafi chenye uzi uliokatika katikati kinaonyesha uchovu au mzigo uliozidi kidogo. Kioo cheusi au kilichopakwa fedha ndani kinaonyesha shoti kali. Huyo wa pili usimwekee fyuzi nyingine hata moja ya kujaribu.

Kosa la kawaida kabisa ni aina ya fyuzi. Herufi T ni ya kuchelewa, F ni ya haraka. Kifaa chenye transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi kikiwashwa, na F itaungua kila mara ingawa hakuna kibovu. Kosa linalofuata ni kiteuzi cha volti cha nyuma kilichowekwa 115. Baada ya hapo ni varista, daraja la dayodi, transista ya pawa saplai, zote hupigwa shoti kwa pamoja au kwa kufuatana. Zipime kwa kipimo cha dayodi kapasita kubwa ikiwa tupu. Mafundi huweka balbu ya uzi ya wati 60 mfululizo na kifaa kwa kuwasha mara ya kwanza: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ingalipo.

Fyuzi ya ndani ya maltimita ni habari nyingine. Ile ndefu ya kauri iliyojaa mchanga imeandikwa volti 1000 kwa sababu inapaswa kuzima cheche ya shoti kubwa ndani yake. Fyuzi ya kioo ya milimita 5 kwa 20 inaweza kuvunja ampea 35 tu, au mara 10 ya kiwango chake. Ukiiweka humo, siku ya shoti kwenye paneli itapasukia mkononi mwako.

Dalili: harufu, moshi, mlio

Chomoa, ukivuta kebo kutoka mbali kama inawezekana. Hapa hakuna vipimo vya kuanzia.

Harufu kali ya moshi mweupe kutoka kifaa cha miaka ya 1970 au 1980 mara nyingi ni kapasita ya karatasi ya kichujio yenye ganda la plastiki angavu. Ganda hupasuka nyufa, unyevu huingia, na siku moja hulipuka hata kifaa kikiwa kimezimwa, mradi kimechomekwa. Ukikiona kifaa cha umri huo, fungua utafute nyufa hizo kabla hakijanuka. Mbadala wake lazima uwe kapasita yenye alama ya usalama ya X2 au Y2 sawa na ya awali. Kapasita ya kawaida yenye volti zinazotosha haikubaliki hapo.

Dalili: usomaji unayumba

Kiache kifaa kipate joto kwa dakika 30 kwanza. Ni ajabu jinsi dalili hii inavyopotea kwa kungoja.

Isipopotea: soketi chafu, kebo ya ishara iliyochoka, feni iliyoziba. Mngurumo wa hezi 50 kati ya vifaa viwili hutokana na ethi zao kupita njia mbili tofauti. Vichomeke vyote kwenye mahali pamoja na ufupishe kebo. Ethi isikatwe. Mawimbi madogo kwenye volti za ndani huashiria kapasita za elektroliti zilizokauka. Maisha ya kapasita hizo hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, kwa hiyo feni ya bei ndogo iliyosimama imeua kapasita za bei kubwa.

Kwa vifaa vya betri, fungua kifuniko. Unga mweupe kwenye miguu ni wa betri za alkali zilizovuja. Vaa glavu, futa kwa siki kidogo kwenye pamba, kisha isopropanoli.

Jambo moja kabla hujaondoa betri ndogo iliyolehemewa kwenye bodi ya kifaa cha zamani. Katika baadhi yake, betri hiyo ndiyo inayoshikilia tarakimu za usahihishaji kwenye kumbukumbu. Ukiitoa, kifaa kitawaka vizuri na kusoma uongo. Kama kitabu chake kinaeleza namna ya kunakili tarakimu hizo kwenye kompyuta, zinakili kwanza. Kama kinasema betri ibadilishwe kifaa kikiwa kinawaka, basi unaambiwa upeleke lehemu ndani ya kifaa chenye umeme, na hapo ndipo pa kukifunga na kukipeleka kwa wanaofanya usahihishaji.